"Video Zipo Mtandaoni", Eti!

SEHEMU YA 1

Mama zangu na wadada zangu, leo siandiki kuhusu uji. Najua mlitaka tuendelee na ile mada ya kumwanzishia mtoto chakula akifikisha miezi 6, itakuja, msiwe na haraka. Leo kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitoa nitaumwa.

Hivi karibuni nilikuwa kwenye semina. Sisemi wapi wala ya nani, na posho nilikula kama wengine. Akasimama bwana mmoja na kompyuta mpakato yake, akatuwashia ukutani video za afya ya mtoto mchanga. Jamani, video nzuri! Mtoto anavyoshikwa kwenye ziwa, kitovu kinavyoachwa kikavu, njiti anavyobebwa kifuani ngozi kwa ngozi. Na Kiswahili chake kinaeleweka, siyo kile cha kusoma huku ulimi umejikunja. Nikanyoosha mkono, nikauliza: "Samahani kaka, sisi wa vituoni tunazipataje?"

Akatabasamu. "Zote zipo mtandaoni, dada. Nyinyi wahamasisheni tu akina mama wabofye linki."

Wabofye linki. Neno hilo nimepanda nalo basi, nimeshuka nalo Mbinga mjini, nimefika nalo Mkumbi usiku, nimelala nalo. Sasa nalijibu.

SEHEMU YA 2

Ndugu yangu wa linki, karibu siku ya kliniki.

Wanakuja akina mama arobaini, wakati mwingine hamsini. Kuna waliotoka nyumbani alfajiri, mtoto mgongoni, mwavuli mkononi, maana mvua ya huku Umatengoni haina adabu. Wanakaa kwenye mabenchi wakisubiri mizani na chanjo. Hapo ndipo pa kufundishia, hakuna pengine. Baada ya hapo mmoja anakwenda kwenye kahawa, mwingine kwenye ngolo zake za maharage, na hutamwona tena hadi mwezi ujao.

Nikiuliza nani ana simu ya tachi, vinanyooka vidole vichache. Siyo kwamba nyumbani hamna. Ipo, lakini iko mfukoni mwa baba, na baba yuko mjini au shambani. Mama ana kitochi. Tochi yake inamulika vizuri kweli, ila linki hakibofyi. Na huyo mwenye simu ya tachi naye ana bando la kuwasalimia watu WhatsApp, akifungua video moja tu ya dakika kumi limekata. Mtandao wenyewe kuna mahali unaupata ukipanda kilima na kuinua mkono kama unaomba mvua.

Wauguzi wenzangu wananiambia, "Waonyeshe kwa simu yako." Nimewaonyesha sana. Akina mama arobaini kwenye kioo cha kiganja, wa mbele anaona, wa nyuma anasikia sauti tu, mtoto analia, halafu katikati ya somo la kunyonyesha inaingia meseji ya mtu ninayemdai. Wanasoma wote. Basi.

Ndiyo maana nilijinyima nikanunua deki ya kubeba, ile inayofunguka kama kitabu. Ina kioo chake na spika zake, inakaa na chaji saa mbili na zaidi, ina tundu la flashi na tundu la kadi. Unaiweka juu ya meza, mabenchi unayapanga nusu duara, unacheza. Ukifika penye jambo unaisimamisha, unaeleza kwa Kimatengo kwa bibi aliyekuja na mjukuu, unarudisha nyuma, mnaangalia tena. Televisheni haikusubiri. Deki inakusubiri. Kwa kufundishia sijaona kifaa kinachoizidi, na sihitaji mtandao hata chembe.

Kinachohitajika ni kimoja tu: video iingie ndani ya deki, icheze. Hapo ndipo nilipokutana na shetani.

SEHEMU YA 3

Kwa muda mrefu nimekuwa mkusanyaji. Nikisafiri nikakuta mtandao mzuri, napakua. Wenzangu wananitumia WhatsApp. Za semina naomba kwa flashi, nikinyimwa naomba tena. Nyingine nimerekodi mwenyewe. Zilifika 23. Nikazihamishia kwenye kadi, nikaichomeka kwenye deki kwa furaha ya bibi harusi.

Zilicheza 5.

Baadhi zilileta picha bila sauti. Nyingine sauti bila picha, kioo cheusi na mama anaongea gizani. Nyingine deki ilikataa hata kuyasoma majina yake. Moja ilicheza kwa kukatakata, mtoto ananyonya kama ana degedege.

Mnaniuliza kwa nini. Nimejifunza kwa machozi, ngoja niwape.

Faili la video ni kama gunia. Nje limeandikwa MP4 au AVI. Hayo ni maandishi ya gunia tu. Ndani picha imekazwa kwa namna yake, na namna ziko nyingi. Simu nyingi mpya, na kamera za hao watu wa miradi, zinaikaza kwa namna inayoitwa H.265, inayobana nafasi vizuri. Deki yangu haijawahi kuisikia. Kuna deki zinazojua H.264 iliyotangulia, na kuna za zamani zaidi zinazotaka AVI ya kizamani au zile faili za DVD tu. Kwa hiyo gunia linasema MP4, deki inasema naijua MP4, inafungua, inakuta kitu haikitambui. Ni kama chama cha kahawa kufungua gunia kikute mbegu za alizeti.

Kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo alinipokea kwa heshima zote. "Shikamoo mama, hiyo kazi ndogo." Akachukua hela yangu, akabadilisha jina la faili, palipokuwa na .mp4 akaandika .avi, akanirudishia. Yaani amebadilisha maandishi ya gunia! Nilirudi kwake nikiwa nimevimba. Simlaumu sana, naye hakufundishwa na mtu. Tulikaa wote na Format Factory kwenye kompyuta yake, tukaanza kuzigeuza moja moja hadi umeme ukakatika. Tukaanza upya siku ya pili.

Zile nilizopakua YouTube kwa kile kitufe chake cha kupakua, nilidhani ni zangu. Si zangu. Zinakaa ndani ya programu ya YouTube humo humo kwenye simu, huwezi kuzitoa ukaziweka kwenye kadi. Na usiporudi kwenye mtandao muda ukapita, hazifunguki tena. Za WhatsApp nazo, mtu akikutumia kama video ya kawaida inabanwa mpaka kidole cha mtoto na chuchu huvitofautishi. Inabidi umwombe aitume kama dokumenti.

Halafu kadi. Nilinunua mnadani kadi imeandikwa GB 64, bei ya kutupa. Kwanza, kadi za kuanzia ukubwa huo kwa kawaida zinatoka kiwandani zimepangwa kwa mfumo wa exFAT, na deki nyingi za zamani zinasoma FAT32 peke yake. Ikawa deki inasema hakuna kadi. Pili, ilikuwa feki. Ndani ilikuwa na nafasi ndogo kabisa, ila imedanganywa ionyeshe 64. Ukinakili inapokea kila kitu kwa upole, ukija kufungua, za mwisho zote zimeoza. Humo zilipotea na picha za mwanangu za ubatizo, maana nilihamisha badala ya kunakili. Hilo kosa ni langu, nalibeba.

Mwenzangu mmoja aliye huko chini ziwani alinicheka sana nilipomsimulia. Naye ana yake. Alipewa faili moja kubwa la mafunzo, zaidi ya GB 4, na kadi ya FAT32 haipokei faili moja lenye ukubwa huo hata ikiwa tupu. Alihangaika wiki nzima akidhani flashi imejaa.

Siku hizi Mbinga hadi Mbamba Bay ni lami, kilomita 66, milima yote ile. Barabara imefika ziwani. Video ya mtoto mchanga imeshindwa kutoka kwenye simu yangu kwenda kwenye deki iliyo pembeni yake mezani.

SEHEMU YA 4

Hii sehemu nimeiandika na kuifuta mara kadhaa. Nimebadilisha mambo madogo ili mhusika asijulikane.

Siku moja ya kliniki somo lilikuwa dalili za hatari kwa mtoto mchanga. Video niliyoitegemea ilikuwa ya dakika chache tu, inaonyesha mtoto anayepumua kwa shida. Ikagoma. Kioo cheusi, sauti peke yake. Akina mama wakacheka, nami nikacheka, nikafunga deki nikafundisha kwa mdomo. Nikasema, "Ukiona kifua kinabonyea, usisubiri, mlete." Wote wakaitikia, "Ndiyooo."

Hazikupita wiki mbili akaja mama mmoja aliyekuwa benchi la pili siku ile. Mtoto wake wa wiki tatu amefunikwa vizuri, kofia, soksi. "Ana mafua, nesi." Nikamfunua. Kila akivuta pumzi, chini ya mbavu panaingia ndani, panatoka, panaingia. Nikahesabu pumzi kwa dakika nzima, zilipita 70. Nikauliza, imeanza lini? Siku ya tatu. Nikauliza, si nilisema kifua kikibonyea?

Akanijibu kwa upole ambao sitausahau: "Nilikuwa naangalia juu huku, dada nesi, penye mfupa. Nilijua kubonyea ni kama ndoo ikigongwa, inabaki na shimo."

Shimo. Aliangalia kifua cha mwanawe siku tatu akitafuta shimo. Alikuwa ananitii.

Tulimpa dozi ya kwanza, tukampa rufaa, akawekewa oksijeni huko, akapona. Yupo, ana mashavu. Sitawadanganya kwamba video ingemleta siku ya kwanza, sijui hilo. Ila najua maneno yangu yalimpa picha isiyo sahihi, na picha iliyo sahihi nilikuwa nayo mfukoni, kwenye kadi, haifunguki.

Kwa sababu hii nikisikia "akina mama wa vijijini hawaelimiki" damu inanichemka. Huyu alielimika vizuri kabisa. Alichofundishwa ndicho kilichokuwa na kasoro.

Na kwa mnaosoma, muichukue hapa hapa. Sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia, ikiingia ndani wakati mtoto anavuta pumzi, hiyo ndiyo kubonyea. Hesabu pumzi mtoto akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Na mchanga anayeacha kunyonya, anayeshtukashtuka, mwenye joto kali au mwili wa baridi, huyo usimhesabu chochote, beba uje.

SEHEMU YA 5

Sasa niambieni. Ingieni kijiji chochote cha huku, hata kile gari linakofika kiangazi tu. Mtakuta tamthilia ya Kikorea, imetafsiriwa Kiswahili, vipande vyote kuanzia cha kwanza, iko kwenye flashi na inacheza. Inacheza kwenye deki, kwenye redio ya flashi yenye kioo, kwenye televisheni ya banda la video. Tangu enzi za kanda za Lufufu mambo yako hivyo. Kijana anayeuza filamu anajua mteja wake ana deki gani. Anajua ukimpa faili lisilocheza atarudi na panga. Kwa hiyo anazigeuza, anazipunguza, anazipanga kwa majina mafupi, anakupa.

Sisifii wizi wa kazi za watu, msininukuu vibaya. Nasema kijana wa banda amelijua hitaji la mama wa Mkumbi kuliko mtu mwenye gari lenye nembo ya afya ya mama na mtoto.

Na msiniambie haiwezekani. Mnaikumbuka Wazazi Nipendeni? Mwaka 2012 ile. Unatuma neno MTOTO kwenda 15001, bure, unaletewa ujumbe wa ujauzito wako hatua kwa hatua. Kwenye kitochi! Bila bando! Aliyeitengeneza alianza kwa kuuliza mama ana simu gani mkononi, ndipo akaandika. Leo tunaanza na kamera nzuri, tunamaliza na linki, halafu tunamuuliza mama kwa nini hakubofya.

Wapo wanaojitahidi. Global Health Media Project, shirika la Marekani, video zao za mtoto mchanga na za kunyonyesha unapakua faili lenyewe bure, na kuna za Kiswahili. Ubaki nalo, ulinakili, umpe mwenzako. Mbili kati ya zile 5 zangu zilizocheza zilikuwa zao. Wa mbali huko wameona haja ya kutuachia faili, na mtu tuliyekaa naye chumba kimoja, tukala naye wali mmoja, anatupa linki.

SEHEMU YA 6

Tangu sehemu ya kwanza nimepata majibu mengi, kuna na ya wakubwa. Nijibu mawili.

"Nesi, teknolojia inakua, deki zinakwisha, subiri simu zitafika." Mtoto wa wiki tatu asubiri? Anayezaliwa mwezi huu ataumwa mwezi huu, na mwezi huu mama yake ana kitochi na kituo kina deki.

"Video ikitolewa hovyo itahaririwa vibaya." Hofu hiyo naielewa, tumeona mambo ya ajabu ya dawa za kitovu yakizunguka kwenye simu. Lakini ya uongo ndiyo yanayozunguka kwa sababu ni mepesi na yanafunguka popote. Mkifungia ya kweli, mmeyaachia uwanja.

Ninachotaka hakigharimu kitu. Mkishamaliza kuhariri video yenu, ile nzito ibaki ya ukutani. Toeni na nyepesi: MP4 iliyokazwa kwa H.264, kioo cha 640 kwa 360 kinatosha sana kwa deki, dakika tano inakaa kwenye MB 20 na kidogo. Ile ile ikirekodiwa kwa simu kwa ubora mkubwa inaweza kupita MB 600, na deki haioni tofauti. Toeni na nakala moja ya AVI kwa deki za kizamani. Jina liwe fupi, "01kifua", siyo sentensi nzima yenye mabano na tarehe. Kabla ya kuondoka, ichomekeni kwenye deki ya bei rahisi kuliko zote mtakayoikuta sokoni. Isipocheza, hamjamaliza kazi.

Na kwenye semina, badala ya fulana, tupeni flashi. Fulana tunazo. Kofia tunazo. Mume wangu anapalilia kahawa amevaa siku ya malaria. Flashi moja yenye video kumi zinazocheza, kila muuguzi, na nakala ibaki kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ili anayehamia aikute. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu mwenye kompyuta na umeme usiokatika. Mimi na kijana wa kibanda ilituchukua karibu mwezi.

SEHEMU YA 7, YA MWISHO

Kwa familia changa mnaotaka deki ya kubeba nyumbani, mmeniuliza ninunue ipi. Sitaji chapa. Nenda dukani na flashi yako yenye video zako, chomeka kabla hujatoa hela. Muuzaji akikataa kujaribu, salimia utoke. Kadi chukua ndogo, GB 8 au 16 inatosha, dukani siyo mnadani, ukifika nyumbani ijaze yote halafu fungua faili la mwisho kabisa uone kama linacheza. Picha za watoto nakili, usihamishe, na usifute kwenye simu mpaka umeziona upande wa pili kwa macho yako. Unapochomoa, zima kwanza.

(Na deki siyo yaya, jamani. Shirika la Afya Duniani lilishasema 2019, mtoto chini ya miaka 2 kioo hakimfai, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Unaangalia wewe, yeye ananyonya.)

Yule bwana wa semina nimemtumia uzi huu wote. Ameusoma, nimeona zile tiki za bluu. Hajajibu. Kaka, sina ugomvi na wewe, video zako ni nzuri mno, ndiyo maana nimekasirika hivi. Nitumie faili.

Kwangu sasa zinacheza 14. Ya kifua ni ya kwanza kwenye orodha, nimeipa namba 01. Alhamisi ni kliniki, anayekuja na aje na flashi au kadi ya kwake, hata ya redio ya baba, nitamnakilia bure wakati anasubiri mizani. Aje mapema, chaji ya deki inaisha kama saa sita.